Patula ya mbegu, paini stahimilivu ya mbegu au kikonyo cha chotara: mche upi kwa shamba lako la Nyanda za Juu?

Mbao za paini zilizoegeshwa kwenye yadi za Buguruni, zile 2 kwa 4 na 1 kwa 8, nyingi zimeshuka kutoka Mafinga, Njombe na Makete. Wenye mashamba hayo si wakazi wa huko peke yao. Wamo walimu wa Mbagala, madereva wa Tegeta na wenye maduka Kariakoo, watu wenye ekari tano, kumi au ishirini ambazo wanazitembelea mara moja au mbili kwa mwaka. Maamuzi makubwa ya shamba yanafanyika kwa simu. Mwenye kitalu anapiga: "Bosi, patula ipo kama kawaida, ila mwaka huu tuna na vikonyo vya chotara. Nikuwekee ipi?" Bei ya hivyo vikonyo ni mara mbili au tatu ya patula, yaani paini ya aina ya Pinus patula, na anamalizia kwa kusema kwamba haviugui.

Hapo kwenye "haviugui" ndipo pa kusimama kwanza. Kikonyo, yaani ncha ya chipukizi inayokatwa kwenye mche mama na kuchomekwa ili iote mizizi, hakitengenezi kinga, kinanakili tu. Kile alichonacho mama, kiwe kizuri au kibaya, ndicho atakachokuwa nacho mwana. Ukikata vikonyo kwenye mama dhaifu unapata miche dhaifu ya bei ghali. Kwa hiyo unapolipia mche jiulize mambo mawili yanayojitegemea: ni wa ukoo gani, na umezalishwa kwa njia gani. Wauzaji wengi huyachanganya hayo mawili, wengine bila hata kukusudia.

Ugonjwa unaozungumziwa

Ugonjwa uliowasukuma watu wa misitu kutafuta paini stahimilivu husababishwa na fangasi anayeitwa Fusarium circinatum. Alielezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1946. Afrika Kusini alionekana mwaka 1990 kwenye miche ya Pinus patula kitaluni, na mwaka 2005 akaonekana kwenye miti mikubwa ya Pinus radiata shambani. Kitaluni mche hunyauka kuanzia kileleni, na ukikwangua gome kwenye shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, unakuta pamegeuka kahawia na kulowa utomvu. Kwa mti mkubwa, donda huvuja utomvu na sehemu iliyo juu yake hukauka.

Mambo matatu kuhusu fangasi huyu yanagusa uchaguzi wako moja kwa moja. Anasafiri na mbegu. Anaingia kupitia jeraha, na kukata kikonyo ni kujeruhi. Tena mche unaweza kutoka kitaluni ukiwa kijani kibichi, ukafa miezi michache baada ya kupandwa, nawe ukadhani ni ukame au mchwa. Mti ukishaugua hakuna dawa ya kuuponya. Ndiyo maana nguvu zote huelekezwa kwenye ukoo na usafi.

Afrika Mashariki imewahi kulipa gharama ya kutegemea aina isiyohimili ugonjwa. Ugonjwa wa sindano wa Dothistroma ulipoenea, upandaji wa Pinus radiata uliachwa miaka ya 1960, na patula ikawa miongoni mwa miti iliyochukua nafasi yake. Leo patula ndiyo inayobeba mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini, na kwa Fusarium hiyo patula ndiyo mojawapo ya paini dhaifu zaidi.

Tunasema *stahimilivu*, hatusemi *sugu*. Paini stahimilivu inaweza kuambukizwa, ila hufa michache, na donda hukua polepole au huziba. Anayekuhakikishia kwamba mche wake hauugui kabisa, mwulize maswali zaidi.

Vigezo vya kupimia

Kila chaguo tumelipima kwa mambo yaleyale: ustahimilivu wa ukoo, uwezo wa kuvumilia mwinuko, joto na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, kazi ya kitaluni na kinachoharibika huko, gharama na upatikanaji, kisha inamfaa nani.

Neno kuhusu gharama kabla hatujaanza. Usipime bei ya mche, pima bei ya mti ulio hai baada ya mwaka mmoja. Chukua mfano wa hesabu tu: mche wa mbegu uwe shilingi 200, kikonyo kiwe shilingi 600. Ekari moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inabeba miche 450 hivi, kwa hiyo ni shilingi 90,000 dhidi ya 270,000. Miche ya mbegu ikifa asilimia 30, umepoteza 135. Kuinunua tena ni shilingi 27,000 tu, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba hasara ni ndogo. Ukirudishia ndani ya wiki nne hadi sita za msimu uleule, unaokoa. Ukirudishia mwaka unaofuata, mche mpya unaingia chini ya wenzake waliokwisha kuutangulia kwa mita moja, na wengi wa namna hiyo hawatoi mbao kamwe. Hizo ni nafasi 135 zilizolipiwa kusafishwa, kuchimbwa mashimo na kupaliliwa bila kupata mti.

Chaguo la kwanza: patula ya mbegu

*Ustahimilivu.* Mdogo. Hata hivyo patula hazifanani; koo nyingine hufa kwa wingi na nyingine zinavumilia kiasi. Mbegu zilizotoka kwenye shamba la mbegu lililochaguliwa zina tofauti kubwa na zile zilizookotwa chini ya miti iliyobaki baada ya uvunaji. Fikiria: miti iliyonyooka imeshakatwa kwa ajili ya mbao, iliyopinda ndiyo imebaki kuzaa mbegu.

*Mwinuko na baridi.* Hapa patula haina mpinzani kati ya chaguo hizi tatu. Inapenda ubaridi na ukungu wa milimani, na huvumilia sakitu ya Juni na Julai inayolala mabondeni Mufindi, Njombe na Makete. Ukiishusha kwenye joto inadhoofika. Mtu mwenye kiwanja Mkuranga au Kisarawe asiipeleke huko hata akipewa bure. Paini ya nchi za chini zenye joto ni Pinus caribaea, na hiyo ina ulinganisho wake.

*Kitaluni.* Ni rahisi kuliko zote. Kilo moja ina mbegu zaidi ya 100,000, nazo huota ndani ya wiki mbili hadi tatu. Adui wa kwanza ni kinyausi: miche midogo inalala chini usiku mmoja, shingo imelainika kama imechemshwa. Sababu huwa tatu, na mara nyingi huja pamoja: mbegu zimemwagwa kwa msongamano, maji ni mengi, udongo hautoi maji. Mwagilia asubuhi ili uso wa udongo uwe mkavu kabla ya jioni. Jambo la pili ni fangasi rafiki wa mizizi, ambaye paini haiwezi kukua bila yeye. Kawaida watu huchota udongo chini ya paini kubwa na kuuchanganya, sehemu moja kwa sehemu tisa. Ni njia nzuri, lakini udongo huohuo ndio unaoweza kuleta ugonjwa. Uchotwe chini ya miti yenye afya isiyovuja utomvu, usichotwe kwenye shamba linalokufa eti kwa sababu liko karibu na barabara.

*Gharama na upatikanaji.* Rahisi na inapatikana karibu kila kitalu. Urahisi huo ndio mtego wake: hakuna anayeuliza mbegu imetoka wapi.

*Inamfaa nani.* Mwenye shamba la juu lenye sakitu, mwenye bajeti ndogo, au anayepanda kidogokidogo na kuweza kurudishia mapema.

Chaguo la pili: paini stahimilivu ya mbegu

Hapa tunazungumzia hasa Pinus tecunumanii, Pinus maximinoi na Pinus oocarpa, zote za Meksiko na Amerika ya Kati, eneo linalodhaniwa kuwa ndiko fangasi mwenyewe alikoanzia.

*Ustahimilivu.* Mzuri, na kwa tecunumanii ni lazima uulize asili. Kuna za mabondeni, kutoka chini ya mita 1,500 za mwinuko kwao, na kuna za milimani. Za mabondeni zinavumilia Fusarium vizuri zaidi kuliko za milimani. Maximinoi na oocarpa nazo huvumilia vizuri.

*Mwinuko na baridi.* Huu ndio upande unaouma. Ile tecunumanii ya mabondeni inayovumilia ugonjwa ndiyo inayoogopa sakitu zaidi, na maximinoi pia haipatani nayo. Kupanda miti hii kwenye bonde linaloganda alfajiri ni kubadilisha kifo kimoja kwa kingine. Tecunumanii ina kasoro nyingine, ambayo huonekana miti ikishakuwa mirefu: kwenye upepo mkali baadhi hukatika vilele. Maximinoi hukimbia sana pakiwa pazuri, lakini usipoipalilia mapema inazidiwa na nyasi. Oocarpa ni mvumilivu wa udongo duni, ila haikimbii, na umbo lake mara nyingi halivutii mpasuaji mbao.

*Kitaluni.* Kazi ni ileile ya patula. Usipogoe mizizi kwa kisu kimoja kitalu kizima bila kukisafisha. Ustahimilivu wa ukoo haufuti uzembe, na mche wa wiki sita wa aina yoyote unaweza kuuawa.

*Gharama na upatikanaji.* Hapa ndipo watu hukwama. Tecunumanii iliyopandwa nje ya kwao mara nyingi hutoa mbegu nzima chache, kwa hiyo mbegu ni haba na ghali. Ukitaka kuagiza nje ya nchi, unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Mbegu iliyofichwa kwenye begi la mgeni ni njia fupi kabisa ya kuleta ugonjwa tunaoukimbia.

*Inamfaa nani.* Mwenye ardhi ya mteremko wenye joto kiasi, isiyo na sakitu, anayejua hivyo kwa kuishi hapo au kwa kuwauliza majirani wanaolima viazi na maharage. Hao ndio huikumbuka tarehe ya sakitu kuliko mtu yeyote.

Chaguo la tatu: kikonyo cha chotara

*Ustahimilivu.* Chotara anayezungumziwa zaidi ni patula aliyezalishwa na tecunumanii. Wazo ni kuchukua uvumilivu wa baridi wa mama na uvumilivu wa ugonjwa wa baba. Chotara wa tecunumanii ya mabondeni huvumilia ugonjwa vizuri kuliko chotara wa tecunumanii ya milimani, ila wa milimani huvumilia baridi zaidi. Muuzaji asiyejua baba wa chotara wake ni wa wapi hajui anachouza.

Kwa nini kikonyo na si mbegu? Mbegu ya chotara hutengenezwa kwa mkono: ua la kike linafunikwa mfuko juu mtini, chavua inapulizwa ndani, kisha koni husubiriwa hadi ikomae, halafu inatoa mbegu chache. Mbegu moja ya namna hiyo ni ghali mno kuipanda moja kwa moja shambani. Kwa hiyo inaoteshwa, mche unafanywa mama, na mama huyo anakatwa vikonyo makumi kwa makumi. Wanaokunywa kahawa ya Kilimanjaro au Mbozi wameshauona utaratibu huu kwenye kahawa chotara: bustani mama, mkasi, vikonyo.

Tofauti na kahawa ni kwamba paini huzeeka upesi mkononi. Mama akifikisha miaka mitatu hivi, hata ukimpogoa vizuri, vikonyo vyake vinaanza kukataa mizizi, na vinavyokubali hukua kwa kuinama kama tawi. Hivyo wazo la "ule mti wangu mmoja uliopona wenzake wakafa, niukate vikonyo" halifanyi kazi. Mti wa miaka kumi ukiukata matawi utapata vijiti vikavu. Ukitaka damu yake, chukua mbegu zake.

*Mwinuko na baridi.* Kati na kati. Anavumilia kuliko tecunumanii, hafikii patula. Kwenye miteremko ya Mufindi inayotoa hewa baridi yuko salama kuliko kwenye sakafu ya bonde ambako hewa hiyo inatuama.

*Kitaluni.* Kazi ngumu iko hapa, kwa hiyo tuifuate hatua kwa hatua.

Bustani mama hupandwa kwa miche ya mbegu ya chotara, kwenye mifuko ya lita 5 hadi 10 au kwenye matuta kwa nafasi ya sentimita 30. Mche ukifika sentimita 20 hadi 25 unakatwa kilele, ubaki na sentimita 10 hadi 15. Machipukizi ya pembeni yanainuka, na hayo ndiyo yanayovunwa kila baada ya wiki nne hadi nane wakati wa joto. Kila mama awe na namba ya ukoo wake. Namba ikipotea, bustani inabaki kuwa kichaka cha paini tu.

Kikonyo hukatwa asubuhi mapema, sentimita 7 hadi 10, kiwe ncha laini iliyoanza kukaza. Kipinde kidogo: kikirudi kama mpira, kimekaa sawa, kikilala kama mlenda, bado, kikivunjika, kimepita. Mkasi unatumbukizwa kwenye spiriti ya asilimia 70 kati ya mama na mama. Si kati ya tuta na tuta. Mkasi mmoja uliopitia mama mgonjwa hubeba ugonjwa kwenye vidonda vibichi mia kwa asubuhi moja. Vikonyo vinawekwa kwenye boksi lenye gunia bichi, kivulini, na vichomekwe siku hiyohiyo.

Sindano za sentimita 2 hadi 3 za chini zinatolewa bila kuchuna gome. Kikonyo kichanga kinaweza kuota bila homoni, ila unga wa IBA, homoni ya kuotesha mizizi, wa gramu 1 hadi 3 kwa kilo husaidia mizizi itoke mingi na pande zote. Trei zioshwe kwa maji ya moto ya nyuzi 80 kabla ya kutumika tena. Udongo wa kuchomekea si udongo: ni magome ya paini yaliyooza vizuri, sehemu saba, na mchanga mnene wa mtoni au perlaiti, sehemu tatu. Kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, inafaa pia, ila ioshwe kwanza, kwa kuwa ya pwani mara nyingi ina chumvi. Finya mchanganyiko mkononi: yatoke matone mawili matatu. Maji yakitiririka, vikonyo vitaoza.

Kisha manyunyu. Katika kitalu nyumba, sekunde kumi kila dakika 10 hadi 15 mchana wa jua, yapungue jioni, yasimame usiku. Sindano ziwe na unyevu wakati wote bila msingi wa kikonyo kukaa kwenye maji. Wengi wanaoshindwa hawakosi maji, wameyazidisha. Wiki ya nne hadi ya sita msingi unafanya uvimbe mweupe. Mizizi inafuata kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Baada ya hapo manyunyu yanapunguzwa kidogokidogo, kivuli kinaondolewa, na mche unakomazwa miezi mitatu au minne.

*Gharama na upatikanaji.* Tufanye hesabu ya ekari 20. Unahitaji miche 9,000 na ya kurudishia 1,000, jumla 10,000. Ikiwa asilimia 90 ya vilivyoota vinavuka hatua ya kukomazwa, uwe na 11,100 vyenye mizizi. Ikiwa asilimia 70 ya vilivyochomekwa vinaota, uchomeke karibu 15,900. Mama mmoja akikupa vikonyo 30 vizuri kwa mwaka, unahitaji mama 530, na baada ya miaka mitatu uanze upya na mbegu mpya za chotara. Ongeza umeme wa uhakika: pampu ya manyunyu ikisimama kwa muda wa saa tatu mchana wa jua kali, trei nzima inaweza kukauka. Kwa mtu wa ekari 20 haina maana kujenga haya yote. Nunua, au ungana na wenzako mfike ekari mia kadhaa.

Na mtu asifikirie kuweka kitalu hicho Goba au Mabwepande ili awe anakiona. Joto la Dar linauwahi mche kabla haujatoa mizizi, visima vingi vya mjini vina chumvi ambayo paini haiipendi, na mche uliolelewa pwani ukifika Mufindi kwa lori, baada ya zaidi ya kilomita 500, unaanza maisha upya.

*Inamfaa nani.* Mwenye eneo kubwa kidogo, shamba lisilo na sakitu kali, anayeweza kulipa mapema na kuagiza mwaka mmoja kabla, na mwenye msimamizi anayepalilia kweli. Kikonyo cha shilingi 600 kilichofunikwa na nyasi hufa sawasawa na mche wa shilingi 200.

Ukoo mmoja au koo nyingi

Hili ni swali linalorukwa. Kwenye mikaratusi unaweza kupanda kloni moja, yaani nakala za mti mmoja, iliyokwisha pimwa miaka mingi. Kwenye paini, mama anazeeka kabla hujajua watoto wake walikuaje shambani, kwa hiyo vitalu vingi huzalisha vikonyo kwa familia: mama wengi ndugu, si mmoja. Hiyo ni afadhali kwako. Omba mchanganyiko wa familia kumi au zaidi kwenye mzigo wako. Muuzaji anayejivunia kwamba vikonyo vyake vyote vimetoka kwa mama mmoja bora anakuuzia shamba ambalo likipata ugonjwa mmoja linaondoka lote.

Kukagua ukiwa Dar

Usiombe picha ya kitalu. Picha ya kitalu ni nzuri siku zote. Piga simu ya video, umwambie mwenye kitalu atembee, na wewe ndiye uchague: "Tuta la tatu, safu ya pili, mche wa saba. Ung'oe." Fanya hivyo mara tano. Kwa kikonyo, tafuta mizizi mitatu au zaidi iliyotoka kuzunguka msingi wote. Mizizi ikiwa upande mmoja, mti utasimama miaka minne, kisha mvua na upepo vitaulaza. Kwa mche wa mbegu, tazama kama mzizi mkuu umejikunja chini ya kiriba kama ndoano. Uliojikunja hautanyooka shambani. Kwa yote, mwambie akwangue gome la shingo kwa ukucha: liwe jeupe au kijani. Ukiona kahawia na utomvu kwenye mmoja kati ya mitano, usichukue tuta hilo.

Kisha maswali: Mbegu za mama zimetoka wapi, na karatasi iko? Mama wana umri gani? Vikonyo vilichomekwa mwezi gani? Kwa upandaji wa Desemba, jibu zuri la hilo la mwisho ni Machi hadi Mei. Vilivyochomekwa Septemba havijakomaa, hata vikiwa vya kijani kibichi. Mche wa mbegu unahitaji miezi mitano hadi minane huko juu, kwa hiyo nao uwe umesiwa kufikia Juni au Julai mwanzoni.

Kwa hali yako

Shamba liko juu Makete au kwenye bonde la Njombe ambako majani ya viazi huungua kwa sakitu: patula ya mbegu kutoka chanzo chenye karatasi, na pesa iliyobaki iende kwenye palizi.

Shamba liko kwenye miteremko ya Mufindi au Kilolo, sakitu ni ya nadra, ekari zimezidi kumi: kikonyo cha chotara kwenye sehemu ya juu ya mteremko, patula chini bondeni. Si lazima shamba lote liwe aina moja, na mchanganyiko huo wa vipande viwili unapunguza hofu ya kukosea.

Shamba lina joto, halijawahi kuona sakitu, na umepata mbegu halali za tecunumanii au maximinoi: zianze na ekari moja au mbili pembezoni, mbali na sehemu yenye upepo, kabla ya kuzitandaza kote.

Una ekari mbili tatu na pesa ni ya kuungaunga: patula nzuri, nafasi ya mita 3 kwa 3, na urudishie kabla Februari haijaisha.

Shamba tayari lina miti iliyokufa ikivuja utomvu: usipande chochote msimu huu. Piga picha za donda na shingo za miche, zipeleke kwa ofisa misitu wa wilaya, na uombe sampuli ichukuliwe. Wakati mwingine chanzo huwa ni ugonjwa wa mizizi uliobaki kwenye visiki vya msitu wa asili uliofyekwa, na huo hauzuiliki kwa kununua mche wenye ukoo wa kuvumilia Fusarium.

Mwenye kitalu amekupigia Novemba kwamba vikonyo vyako vimekufa nusu na anapendekeza akujazie patula: kubali ikiwa miche hiyo imekomaa na imekaguliwa kama ilivyoelezwa juu, ilipiwe kwa bei ya patula, na ipandwe kwenye kipande chake chenye alama, isichanganywe safu kwa safu na vikonyo vilivyobaki.